Kifurushi cha Ulimi

Siku ya kwanza tulipohamia Huria, kanga zote ndotoni zilikosa jina.

Pindo lilikuwepo, mji wa katikati ya kanga ulikuwepo, maua na korosho zilikuwepo, ila pale penye maneno palikuwa peupe kama sahani iliyorambwa. Wanawake wa Barabara ya Kumi na Nne tulitazamana tukajiona uchi. Mwanamke avae kanga isiyosema kitu, ndiyo nini? Bi Subira, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alizunguka Ukumbi mzima akitugeuzia mgongo.

"Hebu nisomeeni, imeandikwaje? Hii nimeivaa kwa ajili ya mtu!"

Haikuandikwa kitu. Juu, mahali ambapo zamani palikuwa na anga la bluu, yalining'inia maandishi madogo ya kijivu: *Kifurushi hakipatikani.*

Bluu yenyewe haikuwepo. Mvua ilinyesha bila harufu. Mbuzi wa Bi Subira, aliyemfuata mwenyewe mpaka ndotoni, alifungua kinywa, akalia kimya, akashangaa. Tulicheka. Ndotoni hata upungufu una utamu wake. Tulitembea polepole, sakafu laini kama mtindi chini ya nyayo, tukihesabiana yasiyokuwepo kama watoto wanaotafuta aliyejificha.

Kisha nikamwona Shangazi Mwanatumu. Alikuwa kwenye mkeka wake wa siku zote, miguu ameikunja, shingo ameiinua kama alivyokuwa kabla kiharusi hakijampiga. Akaniona. Akafungua kinywa.

Sauti haikutoka. Juu ya kichwa chake, taratibu, yakajiandika maneno yaleyale ya kijivu.

*

Niliamka alasiri shavu limeloa.

Nyumba yetu, mwenzangu, ina watu kumi na saba saa ya chakula, wenyeji na waliokuwa wanapita tu wakasikia harufu ya nazi. Wali ukiisha, mikeka inatandikwa, madirisha yanarudishwa, kila mtu na mto wake. Ndani ya mto mna nyuzi zinazosikiliza kichwa kikilala, na mito ya barabara nzima inasikilizana. Ukipitiwa na usingizi unajikuta Ukumbini na wenzako, hata wale walioko melini na ughaibuni. Umbea wa asubuhi tunaumalizia huko.

Shangazi alikuwa kitandani, macho darini. Miaka miwili sasa kiharusi kimemchukulia upande wa kulia na ulimi wote. Kilichobaki ni mkono wa kushoto: akikubali jambo anakuminya, akikataa mkono unalala. Lakini Ukumbini alikuwa anasema! Mfumo wetu wa zamani, wa kampuni ya Usingizi Laini, ulikuwa na kifurushi kilichoidaka nia yake kabla haijafika kwenye ulimi uliokufa, kikaipa sauti. Na sauti ilikuwa yake hasa, pamoja na kikohozi chake cha katikati ya sentensi.

Basi kwa nini tuliihama Laini? Muulize Bi Subira. Mwaka jana, mbele ya Ukumbi uliofurika, mama huyu ambaye hajawahi kumsifu hata mwanawe alifungua kinywa akasema, "Jamani, mafuta ya kupikia ya Tone la Dhahabu hayana mfano." Tulicheka mpaka wengine wakaamka. Yeye hakucheka. Jioni alinijia uani, kanga ameikaza kichwani.

"Mkasi, sikusema mimi. Maneno yamepita kinywani mwangu kama mtu anayekatiza uani kwako, wala hodi hakupiga."

Tulitaka kuifungua programu ya Laini tumwone anayekatiza. Haikufunguka. Msimbo wake umefungwa. Unatumika lakini hausomeki. Barabara ikakutana, tukapiga kura, tukahamia Huria, mfumo wenye sharti moja: kisichosomeka hakiingii. Huko kila kifurushi cha programu hufika mlangoni mwa Ukumbi kwa sura ya mgeni. Hupiga hodi. Hutaja jina na ukoo wake, yaani vifurushi vingine kinavyovitegemea. Kisha hufungua mkoba wake watu wauone mpaka mshono wa chini. Msomaji wa barabara ndiye anayehoji, na akiridhika anasema "karibu". Neno hilo ndilo ufunguo. Hakuna jingine.

Msomaji wa Barabara ya Kumi na Nne ni mimi, Mwanamkasi. Wananiita Mkasi kwa ajili ya mdomo. Kusoma msimbo sikufundishwa darasani. Nilikwenda kwenye kibanda cha mafundi simu pale sokoni kufuata maneno ya watu, nikakutana na maneno ya mashine.

Kisichokuwa na maandishi wazi hakikuhama nasi. Bluu haikuhama, herufi za kanga hazikuhama. Ulimi wa Shangazi haukuhama.

"Pole mwaya," Bi Subira aliniambia siku ile, akijipepea kwa kawa. "Na alikuwa amelainika kweli, maskini. Zamani ungempelekea chai isiyokolea sukari angekutoa jasho. Ukumbini amekuwa asali tupu. Maradhi humfunza mtu."

Bi Subira anajua yote ya mtaa huu, lakini moja hakulijua.

Miaka mitatu nyuma, Fundi Shemboza, yule wa mabati ya umeme wa jua, alimposa Shangazi, wakati huo Shangazi ana miaka sitini na moja. Shangazi aliniambia mimi peke yangu. "Usimwambie mtu." Nikamwambia mtu mmoja tu, Bi Subira. Kufika magharibi watoto walikuwa wanapiga madebe nyuma ya Fundi, "Bwana harusi! Bwana harusi!" Fundi Shemboza ni mtu wa haya. Hakurudi tena. Shangazi hakunisemesha miezi minane, na mwezi wa tisa ulimi wake ukafa.

Halafu siku ya kwanza alipopata sauti Ukumbini, aliniita mkekani pake, akanishika kidevu, akasema, "Nimekusamehe, mwanangu."

Neno hilo nililila kama mkate, miaka miwili. Hilo ndilo ambalo Bi Subira hakulijua.

*

"Hodi hapa!"

"Karibu," niliitikia kabla sijajua ni nani. Ndivyo tulivyo.

Aliingia Hoza, mchora kanga, mikono ina madoa ya rangi mpaka kwenye viwiko. Alikuwa anacheka. "Umeona, dada Mkasi? Hata nani hukuuliza."

Nilimmiminia chai. Aliinywa akiwa amesimama, kisha akatoa kijiti cheusi, kifupi kama kidole, akakiweka mezani kando ya chapati.

"Cha Laini," alisema. "Ulimi umo, bluu imo, herufi zimo. Vyote vimeshonwa pamoja. Leo baada ya wali kitapiga hodi Ukumbini. Wewe sema neno moja tu, hilohilo ulilonijibu mimi sasa hivi."

"Na mkoba wake?"

"Hautafunguka. Unajua hautafunguka."

"Akiingia mmoja asiyesomeka, Hoza, Ukumbi mzima hausomeki. Mito inasikilizana. Watakatiza kwenye vinywa vya watu mia tatu."

"Watakatiza mara moja kwa mwezi na mafuta yao ya kupikia. Shangazi yako atasema kila siku. Pima mwenyewe." Alitazama viganja vyake. "Mimi kanga zangu naziota kwanza, ndiyo nachora. Tangu tuhame sijachora maji, sijachora anga. Naamka na majivu. Wewe unajua kuamka na majivu kulivyo?"

"Watu watajua."

"Watajuaje? Wataona bluu, watamshukuru Mungu."

Hoza si mtu mbaya, na hilo ndilo lililonichosha. Alipoondoka nilisimama mlangoni kwa Shangazi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya shuka, umefunuka. Ningeweza kumuuliza: unakitaka cha zamani? Aminye au asiminye, basi. Na lile swali jingine, la Fundi Shemboza, nalo ningeweza kuliuliza kwa mkono uleule siku yoyote ya miaka miwili. Sikuwahi. Nilikuwa na jibu tayari, tena tamu, na mwenye jibu tamu harudii swali.

Nilimfunika miguu, nikaenda kupakua wali.

*

Ukumbi ulikuwa wa kijivu na mpole, kama ndani ya kifuu. Watu walikuwa wameelea huku na huku, wengine wameketi hewani, wanaongea kwa sauti za chini zisizo na mwangwi. Mwangwi nao haukupatikana. Shangazi alikuwa mkekani pake. Hoza alisimama karibu na nguzo, macho ameyafumba tayari, kama mtu anayesubiri kunawishwa uso.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya Shangazi, na kikohozi chake.

Neno lilinipanda mpaka menoni. Ka... Mtu akipiga hodi kwenu, mzee wako, damu yako, unamwambiaje asubiri? Chini ya mlango kulikuwa kunaingia mwanga mwembamba wa bluu, unatambaa sakafuni, na ulipogusa kanga ya Bi Subira herufi zikaanza kuchipua kwenye pindo, moja moja, kama mbegu za mchicha. Watu wakasema "aaah" kwa pamoja, wote mia tatu.

"Hodi," mara ya pili.

Nilimtazama Shangazi. Kinywa chake kilikuwa kimefungwa. Sauti yake ilikuwa nje mlangoni na yeye alikuwa ndani, na wala hakutazama mlango. Alikuwa ananitazama mimi.

"Nani?" niliuliza.

"Mimi."

Kwetu anayejibu "mimi" hajajibu. "Mimi nani? Mwana wa nani?"

"Mimi, mwanangu. Nifungulie."

Mwanangu. Nilisimama nalo neno hilo likaniganda mkononi. Shangazi Mwanatumu hajawahi kuniita mwanangu. Mimi kwake ni bure. Nimwage maji: "Bure kabisa wewe." Nifaulu mtihani: "Bure huyu, kumbe ana kichwa." Nilipojifungua mwanangu wa kwanza aliingia chumbani na kanga mbili mkononi, akanitazama, akasema, "Bure kabisa, na wewe umezaa!" akalia machozi. Miaka miwili sikuitwa hivyo, nikadhani ameongeza mapenzi. Na miaka miwili hakuna mtu nyumbani aliyemuuliza kwa mkono wake wa kushoto, Shangazi, ndivyo ulivyotaka kusema? Tungemuulizia nini, wakati tunamsikia anasema?

Maneno yalikuwa yanapita kinywani mwake kama mtu anayekatiza uani.

"Fungua mkoba," nilisema.

Mkoba haukufunguka. Bluu ilifika kwenye vidole vyangu vya miguu, baridi, nzuri mno.

"Hodi," mara ya tatu.

Mgeni akipiga hodi tatu asiitikiwe, hurudi alikotoka. Nilijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, mimi Mkasi, mbele ya mtaa mzima. Mwanga ukarudi nyuma kama maji yanayonywewa na mchanga. Herufi za Bi Subira zikanyauka. Nje tulisikia nyayo zikienda, na kikohozi, mara moja, mbali.

"Umeniua, dada," Hoza alisema, hajafumbua macho.

Niliamka nikaenda moja kwa moja kitandani kwa Shangazi. Nikaushika mkono.

"Maneno ya Ukumbini, yale ya zamani. Yote yalikuwa yako?"

Mkono ulilala.

"Mengine?"

Ukaminya.

Nilivuta pumzi niulize lile moja, na pumzi hiyo nikaitoa bure. Nikasema, "Basi tutakushonea ulimi wako mwenyewe." Aliminya mpaka vidole vikaniuma.

*

Kifurushi kisichopatikana hakijapotea. Hakuna tu aliyekishona bado.

Msimbo wenyewe niliupata kwa wenzetu wa Huria, wa miji mingine, kila mmoja akitupa kipande. Lakini ulimi mtupu haujui neno hata moja. Lazima ufundishwe kwa mtu mmoja, neno kwa neno. Unamtamkia neno, mto unasikiliza jinsi kichwa chake kinavyolipokea, na akiminya, linaingia. Asipominya, halimo. Laini ilipokosa neno la mtu ilibahatisha na kumpa la kwake. Wetu tuliukataza: palipo na pengo, anyamaze.

Kwa hiyo kazi ilitaka watu wanaomjua kuliko wasomi, na watu ninao. Walikuja mchana baada ya mchana, kila mmoja na neno aliloambiwa na Shangazi siku fulani. Mwenye duka alileta "mizani". Muuza samaki alileta "amechina", la samaki aliyeanza kuoza. Bi Subira alileta matusi kumi na moja, akayatamka yote kwa furaha kubwa, na yote yaliminywa. Wiki ya nne alikuja Hoza, hakunisalimu, akaweka mezani herufi za kanga alizochora kwa mkono wake, A mpaka Z, msimbo wazi, zimepinda kidogo kama watu waliotoka harusini. Ndotoni kanga zikaanza kusema tena.

Mtu mmoja hakuja. Ikabidi niende.

Fundi Shemboza alikuwa anagonga bati. Hakuinua kichwa.

"Nimekuja kuomba neno, Fundi."

"Maneno mimi na wewe si yaliisha?"

"Yalinizidi mimi. Niwie radhi. Nilipewa amana nikaigawa kama njugu."

Aligonga tena, mara nne, tano. Kisha akaweka nyundo chini.

"Alikuwa ananiita bure," alisema polepole, masikio yamemwiva. "'Bure kabisa wewe, bati gani hili.' Hapo ndipo nilipojua amenikubali. Sijui kama ni neno la kupeleka."

Nilicheka, na machozi yakanitoka hapohapo juu ya bati lake.

Tulipokaribia kumaliza, Bi Subira, mdomo umejaa kitumbua, alisema, "Tia na *samehe*. Neno la kila siku hilo."

Niliinama juu ya mto nikabaki hivyo. Nikilitia, ni kama namwomba. Nikilizuia, nimemfungia neno lake mwenyewe, nami nitakuwa Laini. Nikasogeza mdomo sikioni pake.

"Samehe."

Kitumbua cha Bi Subira kiliisha. Ndipo mkono ukaminya, kidogo tu. Likaingia, mstari wa mia mbili na kumi.

*

Aliyepiga hodi siku tulipomaliza alikuwa mgeni mfupi, nguo zake viraka, kila kiraka na rangi yake.

"Nani?" niliuliza.

"Ulimi. Wa Mwanatumu binti Kombo. Ukoo wangu ni Barabara ya Kumi na Nne, nimekuja na maneno mia mbili na kumi na tatu."

Alifungua mkoba mwenyewe. Nikasoma kwa sauti, mstari baada ya mstari, na kila mtu aliposikia neno alilolileta alipiga kigelegele au aliona haya. Nilipofika mia mbili na kumi nililisoma, nikapita.

"Karibu," nikasema.

Shangazi alifungua kinywa. Sauti iliyotoka ilikuwa ya kukwaruza kama bati jipya, haina kikohozi, haina asali. Alinitazama.

"Bure," alisema.

Vichwa vyote vilinigeukia.

"Bure kabisa wewe. Kaa."

Walicheka watu mia tatu, walicheka mpaka sakafu ya mtindi ikatikisika, na mbuzi wa Bi Subira akacheka bila sauti. Nikakaa mkekani, goti langu na goti lake.

"Hodi," ikasikika mlangoni. Sauti ya mwanamume, ya haya; si kifurushi, ni mtu, na mtu hana lazima ya kupiga hodi Ukumbini.

Vinywa mia tatu vilifunguka kumkaribisha. Changu pia. Nikakifunga. Haukuwa mlango wangu. Nao, mmoja mmoja, wakaona nimefunga, wakafunga.

Shangazi alijitengeneza kanga mabegani. Kwenye pindo, kwa herufi zilizopinda za Hoza, iliandikwa: *Kinywa changu, ufunguo ninao.* Akamwacha apige hodi ya pili.

"Nani?"

"Shemboza bin Mhina. Fundi bati."

Akamwacha kidogo tena, hivihivi, kama zamani.

"Karibu."

Bluu mpaka leo haijapatikana. Anga letu la mchana ni la kijivu, na Hoza anasema amezoea, kisha anasema hajazoea. Neno *samehe* limo, mstari wa mia mbili na kumi, nimelisoma kwa kinywa changu. Shangazi hajalitumia bado. Wali ukiisha, mikeka ikitandikwa, nalala, nakwenda mkekani pake, nakaa.